Maktaba na kiunzi katika kazi ya kiolesura cha tovuti: mpaka uko wapi hasa?

Mjenzi wa Kurasa

Wanajukwaa, salaam.

Nimeandika HTML, CSS na JavaScript, lugha za kutengenezea kurasa za wavuti, kwa muda wa kutosha kuacha kujiona mgeni katika kazi hii, lakini kuna jambo moja ambalo kila nikilisoma hunichanganya zaidi. Watu husema kwamba, kati ya vyombo vya JavaScript vya kujengea kiolesura (sehemu ya tovuti anayoiona na kuigusa mtumiaji), React ni maktaba na Angular ni kiunzi, au fremuweki kama wengi tulivyozoea kutamka, kisha huendelea na mengine kana kwamba sentensi hiyo imemaliza kila kitu. Maelezo ninayokutana nayo mara nyingi ni ule mfano wa nyumba: maktaba ni samani unazojichagulia, kiunzi ni nyumba ambayo kuta zake zimekwisha kusimama. Mfano unapendeza, ila nikiwa mbele ya msimbo, yaani maandishi ya programu, haunisaidii kuamua chochote.

Kinachonitatiza ni hiki. Vue, chombo kingine cha aina hiyo, inajitambulisha yenyewe kuwa ni kiunzi, lakini naweza kuiweka katika ukurasa wa kawaida kwa tagi moja ya `script`, kama nilivyokuwa nikiweka jQuery. React inajitambulisha kuwa ni maktaba, lakini ukishaanza kuitumia ina sheria nyingi za lazima ambazo sikuwahi kuziona katika maktaba nyingine. Next.js nayo ni kiunzi kilichojengwa juu ya React. Je, React ikiwa ndani ya Next.js inabaki kuwa maktaba, au imegeuka kuwa sehemu ya kiunzi?

Siulizi kwa sababu ya mitihani. Timu yetu inatakiwa kuijenga upya paneli ya ripoti za ndani, yenye majedwali, chati na fomu nyingi, na mwenzangu anashikilia kwamba tuchukue React "kwa kuwa ni maktaba, hivyo haitatufunga". Ningependa kujua kama hoja hiyo inasimama.

---

Fundi Kiolesura

Ndugu Mjenzi, salaam nawe. Tuuweke kando mfano wa nyumba, tushike swali ambalo msimbo wenyewe unaweza kulijibu: nani anamwita nani?

Ukitumia maktaba, msimbo wako ndio unaoita. Chukua date-fns, maktaba ya kushughulikia tarehe. Unaiita fanksheni (kipande cha msimbo chenye kazi yake maalumu) ya `format`, unaipa tarehe na mpangilio unaoutaka, inakurudishia maandishi, na uhusiano wenu umekwisha hadi utakapoiita tena. Haijui ukurasa wako una nini, haijui mtumiaji amebofya wapi, wala haikumbuki kwamba uliwahi kuiita. jQuery, ambayo John Resig aliitoa mwaka 2006, imebeba mambo mengi zaidi, lakini tabia yake ni hiyohiyo: wewe ndiye unayesema elementi hii (kipande cha ukurasa) ifichwe sasa, ile ibadilishwe rangi, data fulani iletwe kutoka kwenye seva. Mfuatano wa mambo umo katika faili lako, na anayelisoma kutoka juu hadi chini anauona.

Kiunzi huugeuza mwelekeo huo. Katika Angular unaandika klasi (kifurushi cha data na fanksheni), unaitia alama ya `@Component` kuonyesha kwamba ni komponenti, yaani kipande kimoja cha kiolesura, na ndani yake unaandika mbinu (fanksheni ya klasi) inayoitwa `ngOnInit`. Sasa tafuta katika mradi wako wote mstari unaoiita `ngOnInit`. Hutaupata. Angular ndiyo inayoiita, kwa wakati wake, baada ya kuiunda komponenti na kuipatia thamani zake za mwanzo. Hata klasi yenyewe hukuiunda wewe kwa `new`: unatangaza kwamba komponenti hii inahitaji huduma ya kuleta data, na Angular inaitafuta huduma hiyo, inaiunda kama haijaundwa, na kuikabidhi. Ninyi mnajaza nafasi zilizoachwa wazi, na programu inaendeshwa na kiunzi. Jambo hili lina umri mkubwa kuliko wavuti. Ralph Johnson na Brian Foote walilieleza mwaka 1988 kama sifa inayokitambulisha kiunzi, na wasanidi wamezoea kuliita kwa utani kanuni ya Hollywood: usitupigie simu, tutakupigia sisi.

Hapa panahitaji tahadhari, kwa sababu wengi huishia katikati ya hoja. Kuikabidhi fanksheni yako kwa mwingine ili aiite si lazima kumfanye awe kiunzi. Ukiipa fanksheni `map`, inayopitia orodha kitu kimoja kimoja, itaiita mara nyingi kadiri orodha ilivyo ndefu, lakini yote hayo hutokea ndani ya mwito wako, kisha inakurudishia usukani. Kwa hiyo swali halisi ni pana kidogo: nani anamiliki mwenendo mzima, yaani nani anaamua kipande kipi cha kiolesura kizaliwe lini, kichorwe lini na kiondolewe lini?

Tofauti hii inaonekana zaidi siku ya matatizo. Kosa likitokea ndani ya msimbo unaotumia maktaba, orodha ya miito katika kivinjari huwa ni fanksheni zako zinazofuatana, na mwishoni fanksheni moja au mbili za maktaba. Kosa likitokea ndani ya kiunzi, mistari yako huwa michache, imezungukwa na mingi ambayo hukuiandika, na ili uielewe ni lazima ujue kiunzi kilikuwa katika hatua gani kilipokuita. Majaribio nayo ni hivyohivyo. Fanksheni inayotumia date-fns unaijaribu kwa kuiita na kulinganisha jibu; komponenti ya Angular kwa kawaida huandaliwa mazingira madogo ya Angular kwa `TestBed` kabla haijaweza kujaribiwa, kwa kuwa nje ya mazingira hayo hakuna wa kuipa uhai.

Kwa kipimo hicho, date-fns, Lodash, Axios, D3 na jQuery ni maktaba bila ubishi. Angular, Ember, Next.js, Nuxt na SvelteKit ni viunzi bila ubishi. React ningeiacha upande wa maktaba kama inavyojieleza yenyewe, ingawa najua wapo watakaonipinga.

---

Bi. Mantiki

Mimi ni mmoja wao. Kipimo cha Fundi Kiolesura nakikubali kabisa, na kwa sababu nakikubali ndiyo maana siwezi kulikubali hitimisho lake kuhusu React.

Tumtazame anayeandika komponenti ya React. Anaandika fanksheni inayoitwa, tuseme, `JedwaliLaRipoti`. Je, anaiita? Haiiti. Anaandika `<JedwaliLaRipoti />`, na React ndiyo itakayoiita, mara nyingi kadiri itakavyoona inafaa. Nyaraka za React zinasema wazi kwamba fanksheni za komponenti zisiitwe moja kwa moja na mwandishi wake, kwa kuwa kuziita ni kazi ya React. Ukiwasha hali ya `StrictMode` wakati wa kutengeneza programu, React huziita mara mbili kwa makusudi, ili kufichua komponenti zinazobadilisha vitu ambavyo hazikupaswa kuvigusa. Hata ile sheria inayowasumbua wanafunzi, kwamba `useState` (ya kuhifadhi hali, yaani data inayokumbukwa na komponenti) na `useEffect` (ya kuendesha kazi baada ya kuchora) zisiwekwe ndani ya `if` wala ndani ya mzunguko, inatokana na hilohilo: tangu toleo la 16.8 la Februari 2019 lililozileta fanksheni hizo, React inaitambua kila hali iliyohifadhiwa kwa mpangilio wa miito ndani ya komponenti, na mpangilio ukibadilika kati ya mchoro mmoja na unaofuata, React haiwezi tena kujua hali ipi ni ya nani. Maktaba ya kawaida haikuwekei masharti ya namna hiyo kuhusu mahali pa kuiita.

Basi kama kipimo ni nani anamiliki mwenendo, React inaumiliki mwenendo wa kuchora kikamilifu, tena kwa ukali kuliko baadhi ya vinavyoitwa viunzi.

Kwa nini basi yenyewe inajiita maktaba, na kwa nini dai hilo si la uongo? Kwa sababu watu hupima mambo mawili kwa neno moja. La kwanza ni udhibiti, ambalo Fundi amelieleza vizuri. La pili ni upana: eneo la kazi ambalo chombo kimelitolea uamuzi kwa niaba yako. React ina udhibiti mkubwa katika eneo dogo. Inakuamulia jinsi hali inavyogeuka kuwa picha kwenye skrini, basi. Haikuambii anwani ya ukurasa iunganishwe vipi na komponenti, data iletwe vipi kutoka kwenye seva, fomu zihakikiwe vipi, mitindo iandikwe wapi, wala mafolda yapangwe namna gani. Angular inakuja na majibu ya karibu yote hayo, kutoka timu moja, yakiwa yameandikwa kwa TypeScript (JavaScript iliyoongezewa aina za data) na yakitarajiwa kufanya kazi pamoja.

Ukivitenganisha vipimo hivi viwili, utata wa Vue unaondoka. Evan You aliitoa mwaka 2014, na sifa inayojipa ni kiunzi kinachopanuka hatua kwa hatua. Kiini chake ni chembamba kama cha React, na ndiyo maana unaweza kukiweka kwa tagi ya `script`, ukaita `createApp`, ukakishikiza kwenye elementi moja ya ukurasa wa zamani, na sehemu nyingine zote za ukurasa zikabaki jinsi zilivyokuwa. Lakini pembeni ya kiini hicho ipo Vue Router kwa ajili ya anwani na Pinia kwa ajili ya hali inayotumiwa na komponenti nyingi, na zote mbili ni vifurushi rasmi vya mradi uleule. Unaanza ukiwa na kitu kinachofanana na maktaba, na ukitaka unamaliza ukiwa na kiunzi kamili, bila kuhama.

Svelte ya Rich Harris inastahili kutajwa kwa haraka, kwa sababu inavuruga mjadala mzima: sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika kabla ya kivinjari kuhusika, kompaila, yaani programu ya kutafsiri msimbo, inapougeuza msimbo wako kuwa JavaScript ya kawaida inayozigusa elementi moja kwa moja. Nani anamwita nani wakati ambapo aliyepaswa kukuita ameuandika upya msimbo wako? Swali ni zuri, lakini sidhani linaihusu paneli ya ripoti.

Kuhusu Next.js, ndugu Mjenzi, fanya jaribio hili la kufikirika. Katika mradi wa Next.js unatengeneza faili `app/ripoti/page.js`, na kuanzia hapo anwani ya `/ripoti` inafanya kazi. Hakuna faili lako lolote linalolileta hilo faili kwa `import`. Ukilifuta, mara nyingi hakuna kitakacholalamika wakati wa kujenga mradi. Anwani itatoweka tu. Jina la faili na mahali lilipo vimegeuka kuwa sehemu ya msimbo. Ninapofungua mradi nisioufahamu, mafaili yasiyoletwa na mtu yeyote lakini yanayofanya kazi ndiyo ninayoyatazama kwanza, kwa sababu ndipo kiunzi kinapoingia. Na ndiyo, React ndani ya Next.js ni React ileile. Kilichobadilika ni kwamba sasa hata yule aliyeiita React si wewe.

---

Nahodha wa Msimbo

Nimewasoma wote wawili kwa manufaa, lakini nadhani hoja ya mwenzake Mjenzi bado haijajibiwa. Alisema maktaba haifungi. Mimi nasema kinachofunga hakitegemei jina, kinategemea ni sehemu ngapi za msimbo wako zimeandikwa kwa umbo la chombo hicho.

Mfano wa maktaba: Septemba 2020 watunzaji wa Moment.js, maktaba ya tarehe iliyotumiwa mahali pengi sana, walitangaza kwamba mradi umeingia katika hali ya matengenezo tu na wakashauri miradi mipya itumie nyingine. Timu zilizokuwa zimeifungia Moment.js ndani ya faili moja, zikaita fanksheni zao wenyewe kila mahali pengine, zilibadilisha faili moja. Zilizoiita moja kwa moja kutoka kila pembe zilikuwa na kazi ndefu, lakini hata hiyo ilikuwa kazi ya kubadilisha miito, mmoja baada ya mwingine, huku programu ikiendelea kufanya kazi.

Mfano wa kiunzi: AngularJS ilianza mwaka 2010. Toleo la pili, lililotoka Septemba 2016 kwa jina la Angular, halikuwa mwendelezo wake. Liliandikwa upya, na programu ya zamani haikuweza kusasishwa kwa kubadilisha namba ya toleo. Zilikuwepo njia za kuviendesha viwili kwa pamoja ndani ya programu moja wakati wa kuhama, na Google iliendelea kuitunza AngularJS hadi mwisho wa Desemba 2021, lakini kila kidhibiti, kila kiolezo na kila huduma ilibidi iandikwe tena kwa sababu vyote vilikuwa na umbo la mwita. Huwezi kukifungia kiunzi ndani ya faili moja, maana chenyewe ndicho kilichokufunga ndani yake.

Sasa turudi kwa React. Komponenti zako zote zitakuwa na umbo la React. Siku mtakapotaka kuhamia kwingine mtaziandika upya zote, kama vile ambavyo mngefanya kwa Angular. Kwa hiyo "haitatufunga" si kweli kuhusu komponenti. Ni kweli kuhusu yaliyobaki: njia ya kuleta data, hesabu za ripoti, uhakiki wa fomu, mnaweza kuviandika kama JavaScript ya kawaida isiyojua kwamba React ipo. Tena hilo linawezekana hata ndani ya Angular, ila Angular inakushawishi kila siku usilifanye, kwa sababu njia yake iko tayari na ni nyepesi.

Naongeza upande ambao watetezi wa maktaba huusahau. Ukichagua React peke yake, kiunzi hukukikwepa. Umekubali kukijenga mwenyewe. Mtachagua maktaba ya anwani, ya kuleta data, ya fomu na ya kuhifadhi hali, kila moja ikiwa na watunzaji wake na ratiba yake ya matoleo. React Router ilipotoa toleo la 6 mwaka 2021, `Switch` iliondolewa na `Routes` ikachukua nafasi yake, `useHistory` ikawa `useNavigate`, na timu nyingi zikalazimika kupita katika mafaili yao yote wakati React yenyewe haikuwa imewadai lolote. Angular hutoa toleo kuu takribani kila baada ya miezi 6, hulitunza kwa miezi 18, na amri ya `ng update` hufanya sehemu kubwa ya mabadiliko yenyewe. Kwa timu ndogo isiyopenda mijadala ya kuchagua, hilo ni jambo la thamani, hata kama linamkera anayependa uhuru.

React wenyewe wanalijua hili. Nyaraka zao sasa humshauri anayeanza programu mpya nzima aanze na kiunzi kinachoitumia React, na Februari 2025 walitangaza kwamba Create React App, chombo kilichokuwa kikitumika kuanzishia miradi tangu mwaka 2016, kisitumike tena kwa programu mpya.

---

Mjenzi wa Kurasa

Nawashukuru sana, ndugu zangu, na nakushukuru Bi. Mantiki kwa kuvitenganisha vipimo viwili, kwa sababu ndipo nilipokuwa nikikwama: nilikuwa nikitafuta mstari mmoja mahali ambapo kuna miwili.

Niongeze maelezo ili ushauri uwe na mahali pa kushika. Paneli iliyopo inatengenezwa na seva, yaani seva inatuma HTML kamili kwa kila ukurasa, na anwani zote na kuingia kwa nenosiri vinashughulikiwa hukohuko. jQuery inatumika hapa na pale, pamoja na programu-jalizi moja ya kuchagua tarehe. Kilichotuchosha ni kurasa chache zenye majedwali ya kuchuja na chati zinazotakiwa kubadilika pamoja. Chati zimeandikwa kwa D3, nasi tusingependa kuziacha. Timu ina watu wachache, na hakuna mwenye uzoefu mkubwa wa Angular wala wa React.

---

Bi. Mantiki

Basi msihangaike na kiunzi kipana. Seva yenu imekwisha kuamua mambo ya anwani na ya kuingia, ukileta Next.js au Angular utakuwa na waamuzi wawili wa jambo moja, na muda mwingi utakwenda katika kuwapatanisha. Mnahitaji kitu chenye udhibiti mkubwa katika eneo dogo, tena kinachokubali kupewa elementi moja ya ukurasa na kuishia hapo. React inaweza: `createRoot` inapokea elementi yoyote, unaichorea humo, na ukitaka kuondoka unaita `unmount`. Vue inaweza vilevile kwa `createApp` na `mount`. Kati ya hizo mbili ningewaelekeza kwenye Vue, kwa sababu violezo vyake viko karibu na HTML mliyoizoea na kwa sababu siku mkihitaji zaidi, vifurushi rasmi vipo. Lakini huo ni upendeleo wangu, na mwenzako akiwa anaijua React walau kidogo, ujuzi huo una uzito kuliko upendeleo wangu.

Anzeni na ukurasa mmoja unaowasumbua kuliko yote. Kurasa nyingine ziacheni jinsi zilivyo.

---

Fundi Kiolesura

Naafiki, na kuhusu React nimeelewa hoja. Neno "maktaba" katika maelezo yake linazungumzia upana, nami nilikuwa nikizungumzia udhibiti.

Niseme kuhusu D3, kwa sababu hapo ndipo nadharia yote ya juu itawagusa mikononi. D3, ambayo Mike Bostock na wenzake waliitoa mwaka 2011, ni maktaba, lakini ina sehemu mbili zenye tabia tofauti. Moja inahesabu: vipimo vya mihimili, maumbo ya mistari, mgawanyo wa rangi. Nyingine inagusa ukurasa: `select`, `append`, `remove`. Sehemu ya kwanza haina mgogoro na yeyote. Ya pili inataka kuzibadilisha elementi ambazo React au Vue inaamini ni mali yake, na hapo mmoja ataondoa kitu ambacho mwingine anatarajia kukikuta. Katika React mara nyingi utaliona hilo kama kosa la `removeChild`, linalolalamika kwamba elementi inayoondolewa si mtoto wa ile iliyotajwa, na ujumbe wake haukuambii kwamba chanzo ni D3 au ni programu-jalizi ya jQuery.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kuiachia D3 hesabu tu, na kuziandika elementi za SVG (michoro inayoandikwa kwa tagi kama HTML) ndani ya kiolezo cha komponenti kama unavyoandika jedwali. Mmiliki wa ukurasa anabaki mmoja, na chati inabadilika pamoja na jedwali kwa sababu vyote vinasoma hali ileile. Ya pili, inayofaa kwa chati ndefu ambazo hamtaki kuziandika upya, ni kumwekea D3 elementi moja tupu ambayo komponenti inaiunda na haiigusi tena ndani yake. Katika React unaishika elementi hiyo kwa `useRef`, unaiita chati yako ya zamani ndani ya `useEffect`, na unarudisha fanksheni ya kusafisha inayoviondoa vyote ilivyoviweka. Usiiache fanksheni hiyo ya kusafisha, maana katika `StrictMode` React itaiweka komponenti, itaiondoa na kuiweka tena, na chati isiyosafishwa itajitokeza mara mbili mbele ya macho yako. Katika Vue ni utaratibu uleule kwa `onMounted` na `onUnmounted`.

Programu-jalizi ya tarehe ningeiondoa kabisa katika kurasa mtakazozijenga upya. Kivinjari kina `input` ya aina ya `date`, nayo haigombanii ukurasa na mtu.

---

Nahodha wa Msimbo

Nyongeza fupi kwa Mjenzi. Kabla ya kuandika komponenti ya kwanza, toeni hesabu za ripoti na miito ya seva katika mafaili ya jQuery mzipeleke katika mafaili yake peke yake, yasiyoleta React, Vue wala jQuery. Ziandikieni majaribio humohumo, kwa kuziita tu na kulinganisha majibu. Kazi hiyo mnaweza kuianza kesho, hata kabla hamjakubaliana na huyo mwenzako kuhusu chombo.